Treni ya Ankara, Treni ya Konya

Siku reli ilipofika Erzurum, gazeti lilisomwa kwa sauti katika mkahawa wa stesheni ya Eskişehir, na wateja wakapiga makofi. Ilikuwa Oktoba ya mwaka 1939. Sabit, aliyekuwa mgeuza reli pale kwa miaka thelathini na mitatu, na ambaye wiki hiyo hiyo alikuwa anastaafu, hakupiga makofi.

"Leo ndiyo wanafika," alisema, akaiacha chai yake nusu, akatoka. Wenzake wakatazamana. Mmoja akasema mzee ameanza kuchanganya siku.

Hakuchanganya chochote. Alikuwa anawahesabu vijana waliopelekwa vitani mwaka 1914, ambao reli iliwaishia Ankara na njia iliyobaki hadi Erzurum wakaenda kwa miguu.

Watu waliosoma walizijua pande zote za vita vile. Dola ya Sultani ilipigana na Mrusi kwenye milima ya Kaukazi, na Mwingereza kule Sinai na Baghdad, na mwaka uliofuata meli za kivita zikaja mlangoni kabisa, Çanakkale. Lakini kwa Sabit vita vilikuwa na pande mbili tu. Ukivuta wenzo wa reli kwako, treni inashika njia ya Ankara, na abiria wake wanakwenda kwenye theluji. Ukiusukuma mbele, inashika njia ya Konya, na abiria wake wanakwenda mchangani. Alivuta na kusukuma miaka minne. Majenerali walichora ramani, sawa, lakini mkono uliowagawa watu ulikuwa wake, na alijua hivyo.

Na ukweli usemwe, ingawa unatia haya: aliukumbuka wakati ule kwa hamu. Alikuwa na miaka thelathini na minne, mgongo haujaanza kumsumbua. Treni ziliingia zikiimba. Vijana wa Bursa waliwazomea wa Kütahya kwa lafudhi yao, wa Kütahya wakajibu kwa matusi ya mama, kisha wote wakagawana zabibu kavu. "Fundi, unatupeleka wapi?" walimpigia kelele wakipita. "Harusini!" alijibu. "Bibi harusi mzuri?" "Mimi sijamwona, nendeni mkaniambie!" Baadaye makaa ya mawe yalipokwisha, vichwa vya treni vikalishwa kuni. Ilikatwa miti: mierebi ya mtoni, ikafuata mipopla ya barabarani, mwisho mijozi ya bustani za watu. Masika ya mwaka 1917 mji mzima ulinukia moshi wa mjozi, na hadi leo akiunusa mahali moyo wake hujaa, asijue ni furaha au kilio.

Ila kulikuwa na siku moja ambayo hakuikumbuka kwa hamu.

Ilikuwa Novemba ya mwaka ule wa kwanza wa vita. Vehbi, jirani na rafiki yake, mchongaji wa viko vya tumbaku vya jiwe jeupe la Eskişehir, alikuwa ameandikishwa. Treni mbili zilisimama ubavu kwa ubavu, milango ya mabehewa imejaa vichwa. Mkewe Vehbi, Dürdane, aliyeolewa miezi mitano tu nyuma, alikuja mbio na jagi la shaba lililojaa maji. Desturi yao ndiyo hiyo: anayesafiri humwagiwa maji nyuma yake, aende kama maji na kama maji arudi.

"Kaka Sabit! Vehbi yuko treni ipi?"

"Ya Konya! Behewa la tano!"

Asubuhi ilikuwa kweli. Lakini saa sita ilikuja amri, mabehewa matatu, la Vehbi likiwemo, yakafunguliwa na kuungwa kwenye treni ya Ankara, na aliyevuta wenzo kuyahamisha ni Sabit mwenyewe. Alikuwa hajalala siku mbili. Alikumbuka pale alipoyaona maji yakimeremeta juu ya mataruma ya reli, na treni ya Konya ikienda zake. Treni ya Ankara ilikuwa bado imesimama. Palikuwa na dakika nne, na bomba la maji lilikuwa hatua kumi. Ila Dürdane alikuwa anatabasamu, na stesheni masta alikuwa anamwita kwa ukali, na Sabit akaenda alikoitwa. Treni ya Ankara ikaondoka bila hata tone.

Mwaka 1919 alishuka stesheni mtu mmoja wa Bilecik aitwaye Raşit, hana vidole vya miguu, aliyekuwa kikosi kimoja na Vehbi. Alisema Vehbi hakupigwa risasi. Ilikuwa Januari, juu ya Erzurum. Alikaa chini kufunga kamba ya kiatu, na hakuinuka. Sabit akamnunulia supu Raşit, akampandisha treni ya kwao haraka, kabla hajaonana na mtu wa mtaani.

Dürdane yeye alikuwa ameshika moja tu: maji yamemwagwa, Vehbi atarudi. Mfanyabiashara wa ngano alimposa, akakataa. Mwalimu aliyefiwa na mkewe alimposa, akakataa. Wafungwa wa vita walioshikwa na Mwingereza walipoanza kurudi kutoka Misri alikwenda stesheni kila siku na mkate, akiwauliza kama walimwona mtu mwenye kovu kidevuni. Na kila Ijumaa Sabit alikaa kwake kwenye kibaraza, akanywa chai ya samawari, akamsikiliza. Alimpenda, tuseme wazi. Kumposa hakuthubutu. Angemposaje, na lile jambo limemkaa kooni?

Ijumaa ile ya kustaafu alikwenda na tiketi mbili mfukoni, zawadi ya shirika la reli kwa wastaafu.

"Karibu, mstaafu," Dürdane alimtania, akimimina chai. "Sasa treni zitaijuaje njia?"

"Zitapotea zote."

"Zikipotea zije huku, chai ipo."

Sabit aliziweka tiketi mezani. "Ni za Erzurum. Mbili."

"Erzurum! Una nani huko, kaka? Baridi ya kule inaua watu."

"Ndiyo," Sabit alisema. "Ilimwua Vehbi."

Akaeleza yote. Behewa, amri ya saa sita, zile dakika nne, Raşit. Hakujitetea, kwa sababu miaka yote ile alikuwa amejaribu kila utetezi na haukumtosha hata mmoja. Dürdane alisikiliza, kishikio cha birika bado mkononi.

"Ile ya Konya nilimmwagia nani?"

"Vijana wa Kütahya. Siwajui majina."

"Na mkate niliowapa wafungwa, nikiwauliza habari za Gaza. Wewe ulikuwa pale."

"Nilikuwepo."

"Ulikuwa unaniangalia nauliza."

"Nilikuwa nakuangalia."

"Umejua miaka ishirini kwamba amekufa." Aliiweka birika chini polepole. "Nilikuwa na ishirini na tatu, Sabit. Ungeniambia, ningelia mwaka mzima, halafu ningeishi." Hakumwita kaka. "Mimi sikukatazwa na maji kuolewa. Nimekatazwa na wewe."

"Niliogopa."

"Uliogopa kukosa chai. Toka nje."

Alitoka. Tiketi alizisahau mezani, au aliziacha, mwenyewe hakujua. Siku tatu hakufungua dirisha. Alifikiri kwamba sasa amekuwa mwepesi, kisha akagundua si wepesi, ni utupu. Hakuwa na mtu mwingine duniani wa kumwambia kwamba mvua inakuja.

Jumanne alasiri harufu ya unga unaokaangwa kwenye siagi iliujaza mtaa. Mlango wake ukagongwa kwa fujo. Alikuwa Şerife, jirani yao, mwanamke asiyepitwa na habari hata akiwa usingizini.

"Bado umekaa, kaka Sabit? Kwa Dürdane kuna msiba!"

Sabit alitoka kizingitini. "Nani amekufa?"

"Mumewe! Vehbi!"

"Vehbi wa mwaka kumi na nne?"

"Sasa msiba una tarehe? Taarifa kaipata Ijumaa, leo anapika halua ya kumrehemu. Vaa koti, aibu hiyo."

Nyumba ilikuwa imejaa. Sufuria kubwa ilikuwa jikoni, na kila aliyeingia alikoroga halua mizunguko michache, akamwombea marehemu, akampa mwiko aliyemfuata. Waliomjua Vehbi walibaki wachache, nao walikuwa wakisema kwa zamu, wakikatizana. Mmoja alikumbuka kiko alichochonga chenye sura ya stesheni masta, mashavu na vyote, na stesheni masta akakinunua bila kujitambua. Watu walicheka wakilia. Dürdane alicheka pia, kilemba cheupe kichwani, macho yamevimba, na Sabit akamsikia kwa mara ya kwanza akimsema mumewe kwa wakati uliopita.

Alisimama mlangoni. Neno moja tu la Dürdane lingetosha, na mtaa mzima ungemgeukia. Dürdane alimwona. Mazungumzo yakapungua, kwa kuwa wote walimjua kama rafiki wa marehemu na walitaka kusikia atakalosema.

"Mbona umesimama na upepo unaingia?" Dürdane alisema. "Njoo huku. Mkono wangu umechoka."

Akamkabidhi mwiko. Unga ulikuwa umeanza kugeuka rangi, mzito, unahitaji nguvu.

"Dürdane," alinong'ona, "na Erzurum?"

"Tunaondoka Jumamosi kwa zile tiketi, kumsomea Fatiha. Mimi na Şerife."

"Na Şerife?"

"Keshampelekea telegramu hadi dada yake kwamba anasafiri. Koroga, itaungua."

"Basi mimi..."

"Wewe msomee hapa hapa, watu wakusikie. Hujawahi kumsomea mbele ya mtu hata siku moja."

Ilikuwa kweli. Miaka ishirini alikuwa amemrehemu rafiki yake kimoyomoyo, kwa woga asije akaulizwa anamrehemu nani. Aliukaza mkono, akakoroga, na Fatiha ikamtoka kwa sauti ya kukwaruza, jina la Vehbi likitajwa mwisho, na wote jikoni wakaitikia amina. Dürdane aliitikia pia, kisha akaenda kuwapokea wageni wengine.