Sura ya Tano ya Mheshimiwa Benedikto

Mgeta nzima, kule mlimani juu ya Morogoro, ilimwita Benedikto Kobero mheshimiwa, hata miaka tisa baada ya kuuacha udiwani, kwa sababu yeye mwenyewe hakuitika kwa jina lingine. Alikuwa diwani wa chama kimoja, akahamia cha pili kabla bango la kwanza halijapauka, akarudi alikotoka akisema mwana mpotevu amerudi nyumbani. Alipoona nyumbani hapana kiti, akageukia ushirika wa wakulima wa mboga na kuwa mwenyekiti. Wenye wivu walimwita kinyonga. Yeye alijiita mtu wa maelewano.

Mtu wa maelewano alipungukiwa na kitu kimoja tu: shahada ya uzamivu. Kila akishuka Morogoro mjini kwenye semina alikuta wenzake wanaitwa dokta, yeye anatambulishwa kama mheshimiwa mstaafu, na neno lile mstaafu lilimkaa kooni. Akajiandikisha chuoni, akapewa msimamizi, Dokta Anastasia, mama mtaratibu ambaye miwani yake ilining'inia kifuani kwa uzi. Benedikto alitaka kuandika tasnifu juu ya uongozi wake mwenyewe. Dokta alimsikiliza hadi mwisho, akamuuliza maswali mawili matatu kuhusu vyama alivyopitia, kisha akafungua kabati na kumtolea rundo la karatasi juu ya Ercole Tavazzi, mwanasiasa wa Italia wa zama za kabla ya ufashisti.

"Huyu utamwelewa haraka," alisema.

Kweli alimwelewa haraka. Tavazzi aliingia bungeni na watu wa kushoto, akapewa uwaziri wa posta na watu wa kulia, akakaa katika serikali sita ambazo kila moja iliiangusha iliyotangulia. Hakuwahi kuwa na msimamo wa kumzuia kula na mtu yeyote. Benedikto alisoma kwa sauti sebuleni huku mkewe Felista akimenya njegere.

"Sikia hii, Mama Pendo. Amebadilisha kambi mara nne, na kila alikokwenda wamempa uwaziri. Huyu kaka yangu tumbo moja."

"Baba yenu alifika Italia lini?" Felista aliuliza, asiinue macho.

Sura tatu za kwanza ziliandikika kwa raha. Sura ya nne ilikuwa ya mwaka 1921. Uchaguzi ulikuwa mgumu, wafanyakazi wanagoma, wakulima wanadai mashamba. Tavazzi akawaingiza katika orodha yake ya wagombea vijana wa mashati meusi, mafashisti, wale waliokuwa wakizunguka vijijini na marungu, wakiwapiga wapinzani na kuwanywesha kwa nguvu mafuta ya mbarika ya kuharisha. Wenzake walipomuuliza kama ana akili timamu, aliwajibu kwamba vijana ni moto wa makaratasi. Wakishaonja viti vya bunge watatulia. Benedikto aliyapigia mstari maneno hayo mara mbili, na pembeni akaandika: "Kichwa hiki!"

Sura ya tano, ile ya mwisho wa Tavazzi, hakuyagusa hata makaratasi yake. Si kwa uvivu. Uchaguzi wa ushirika ulikuwa umekaribia, naye alikwishapata alichokuwa akikitafuta.

Adha yake ilikuwa mzee Stefano, mkulima wa kabichi, ambaye kila mkutano alisimama kuuliza jambo lile lile: lumbesa. Gunia linajazwa hadi mdomoni, halafu linashonewa kilemba juu hadi linakuwa gunia na nusu, na mkulima analipwa gunia moja. Benedikto aliingia uenyekiti kwa kuapa kwamba ataifuta lumbesa. Alipokwishakaa kitini aligundua kuwa madalali nao ni watu wa maelewano, tena wakarimu sana. Sasa wakulima walianza kumsikiliza Stefano, na mheshimiwa aliona kiti kinamponyoka. Kiti kile kikienda, hakikubaki kingine mlimani cha kuhamia.

Ndipo alipowaita vijana wanaopakia malori pale kwenye mnada wa mboga, chini ya Oscar, kijana mwenye kifua kipana na maneno machache. Akawapa jina, Walinzi wa Ushirika. Akashuka mjini dukani kwa Kanubhai kuwanunulia fulana. Alitaka za kijani, lakini zilizotosha vifua vile zilikuwa nyeusi tu, na Kanubhai akamhakikishia kwamba nyeusi haionyeshi uchafu. Marungu hayakuhitaji duka. Kila nyumba ya Mgeta ina mpini wa jembe.

Wa kwanza kuwasifia alikuwa Mikidadi, dereva wa lori la Fuso, Mnyamwezi aliyeoa huko huko mlimani, na kwa hiyo mtani wa Waluguru wote, wazima na wafu.

"Mtani, watu wanafuga nyoka," alisema. "Wewe peke yako ndiye umemnunulia na fulana. Siku ya uchaguzi nakuja na sanda, nakuzika mwenyewe. Na ile suti yako ya kijivu usiivae sana, nitairithi mimi hiyo."

Benedikto alicheka hadi akashika mbavu, akamnunulia soda. Angefanya nini? Mtani hakasirikiwi, anayekasirika ndiye aliyekosa, na hata msibani mtani akilala juu ya jeneza unamlipa ili ashuke. Ndiyo mila, na ni mila nzuri. Ila ina tundu lake: neno ambalo mtu haruhusiwi kulikasirikia, huishia kutolisikia kabisa.

Siku ya mnada iliyofuata mzee Stefano alisimama tena kuuliza habari ya lumbesa. Vijana wa Oscar walimkalisha juu ya gunia lake mwenyewe, wakampa kabichi moja mbichi, wakamwambia aimalize ndipo aendelee na hotuba. Mzee wa miaka sitini na minane alikula jani baada ya jani mbele ya wateja na majirani, mipini ya majembe ikiwa imemzunguka, na hakuna aliyefungua mdomo isipokuwa yeye, kwa kutafuna.

Benedikto alikuwa upande wa pili wa lori na aliona yote. Aliona aibu, aibu ya kweli, iliyomchoma hadi masikioni, kwa maana Stefano ndiye aliyemfundisha katekisimu. Lakini aibu ya mwanasiasa haina miguu mirefu. Akayakumbuka mafuta ya mbarika ya Italia, akajiambia kwamba kabichi angalau ina vitamini.

Felista aliyasikia mambo hayo kisimani kabla mumewe hajafika nyumbani.

"Baba Pendo, wale vijana ni wako, au wewe ni wao?"

"Wakishaonja viti watatulia."

"Viti vipi? Ushirika una kiti kimoja."

Benedikto aliona si haki kubishana na mtu asiyesoma historia ya Ulaya. Simu ikaita, alikuwa Dokta Anastasia, akiulizia sura ya tano. "Inakuja, Dokta," alisema, na siku hiyo alilisema hilo kwa mara ya saba.

Uchaguzi ulifanyika Jumamosi asubuhi, uwanjani kwenye mnada. Zamani walipiga kura za siri. Mwaka uliopita Benedikto mwenyewe ndiye aliyebadilisha utaratibu: mgombea anasimama mbele akitazama mlima, wanachama wanapanga foleni nyuma yake, naye hageuki hadi msimamizi wa uchaguzi atamke. Alisema ni kwa ajili ya uwazi. Alitaka kuwajua adui zake.

Alivaa ile suti ya kijivu. Alitegemea kupita bila kupingwa, na msimamizi alipouliza kama yupo mgombea mwingine, Oscar akatoka mbele na fulana yake nyeusi.

"Oscar, unafanya nini?"

"Demokrasia, mzee. Si wewe ndo umetufundisha?"

Benedikto alitabasamu kama mtu aliyelipanga jambo lile mwenyewe, akageukia mlima. Nyuma yake hatua zikaanza. Alivisikia viatu vya madalali vikitangulia, maana vilikuwa na visigino, kisha ndala na mabuti ya mvua ya wakulima, vikija, vikimkaribia mgongoni kabisa. Moyo ukatulia. Akaanza kuandaa hotuba ya shukrani. Hakuiona mipini ya majembe ikiwaonyesha watu njia, kwa adabu kubwa, wala hakujiuliza kwa nini kila hatua iliyomfikia haikusimama.

"Geukeni."

Nyuma ya Oscar foleni ilizunguka mizani na kupotelea kwenye migomba. Nyuma ya Benedikto alikuwapo Felista, na nyuma ya Felista, mzee Stefano.

"Shikamoo, mwalimu," Benedikto alisema. "Umenisamehe?"

"Marahaba. Sijakusamehe. Wale wameninyooshea mpini niende kule, na mimi kule siendi. Huku ndiko kulikobaki."

Benedikto alitafuta uso wa Mikidadi. Mtani alisimama kando ya Fuso lake, mikono mifukoni. Hakuleta sanda. Hakudai suti. Alimtazama tu mara moja, akainamisha kichwa, akaenda kuangalia matairi. Hapo ndipo Benedikto alipoogopa, maana hakuwahi kuona msiba ambao mtani amekosa la kusema.

Sura ya tano aliiandika kwa siku tatu. Makaratasi ya Tavazzi aliyasoma sasa yote, hadi tanbihi. Wale vijana wa mashati meusi hawakutulia. Walichukua kiti, wakachukua meza, wakachukua na mlango. Tavazzi walimwachia cheo chake na bustani yake, wakawa wanamwamkia kwa heshima njiani, kama Oscar anavyomwamkia Benedikto sasa kila asubuhi akipita na lumbesa zake.

Dokta Anastasia aliisoma mbele yake ofisini, taratibu, kalamu nyekundu mkononi.

"Hii imezidi zote nne," alisema hatimaye. "Ila hapa nina swali. Umeandika: 'Alizisikia hatua za wenzake zikija nyuma yake, akaanza kuandaa hotuba ya shukrani, kisha zikampita.' Hujaweka rejeo. Umeitoa kitabu gani?"

Benedikto aliifuata sentensi ile kwa kidole hadi nukta.

"Sikuitoa kitabuni, Dokta. Nilikuwepo."

Mama yule alivua miwani ikaning'inia kifuani, akamsogezea kalamu.

"Basi andika hapo jina lako," alisema, "na tarehe."