Ruhusa ya Kujenga Ua

Kanze, mkewe Mzee Tinga, alizikwa nyuma ya nyumba, hatua kumi kutoka mlango wa jikoni, kama watu wa kwao wanavyozikwa. Hakupumzika hata mwaka. Watu wa bodaboda waligundua kwamba ukikata kwa Mzee Tinga unaipata barabara ya lami bila kuzunguka, na njia yao ikaanza kupita miguuni pa kaburi, halafu juu yake. Tinga akafukuza, akapanga mawe, akamwaga vigae. Wao wakayasogeza mawe, wakapita.

Mtu mwingine angechukua jembe na miti akazungusha ua siku hiyo hiyo. Zile nyumba kumi na nane za pale Kisauni zilijengwa vivyo hivyo, ndani ya shamba la mikorosho ambalo mwenyewe hakuonekana. Watu walikuja mwaka wa 2008, wakafyeka, wakasimamisha nyumba, na hakuna aliyemuuliza mtu. Lakini Tinga alikuwa amelinda lango la ghala moja huko Changamwe kwa miaka ishirini na sita. Malori yalisimama mbele yake naye akauliza swali moja tu: nani amekuruhusu? Asiyekuwa na karatasi alirudi alikotoka, awe tajiri awe fukara. Kujenga nyumba alijenga, kwa shida, na hata siku moja hakulala humo bila kujiona mgeni. Kuchimba tena ardhi ya mwenzake, hata kwa ajili ya Kanze, bila kubisha hodi, hilo lilimshinda.

Basi mwaka wa 2014 akaulizia mpaka akamjua mwenye shamba: Aidarus, mzee wa ukoo wa zamani wa wafanyabiashara, mwenye duka la vitambaa mjini. Tinga alikaa jioni mbili akiandika barua. Aliandika herufi wima, zilizopangika, na saini yake ilikuwa na mkia mrefu unaorudi nyuma ukalipigia jina mstari.

"Mimi Tinga," aliandika, "pamoja na jirani zangu wote tunaoishi katika shamba lako kwa hisani yako, nakuomba ruhusa ya kujenga ua kuzunguka kaburi la mke wangu."

Hao jirani hawakumtuma. Aliwaingiza kwa sababu aliona ni utovu wa adabu kujiombea peke yake.

"Ndoo, ndoo uketi, mzee mwenzangu," Aidarus alimwambia dukani, akimwashiria kiti. Akavaa miwani, akaisoma barua mpaka mwisho, kisha akairudia. "Wallahi, siku hizi hata wanangu wa kuwazaa hawanibishii hodi. Jenga ua wako. Na hao wenzio waambie wakae, simfukuzi mtu."

Akaandika chini ya barua kwamba ameruhusu, akatia tarehe, akaiweka kwenye droo. Tinga alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliyepewa cheo. Akasimamisha nguzo za mvinje, akavuta waya, na bodaboda wakatafuta njia nyingine.

Miaka minane ikapita. Aidarus akazeeka, mwanawe Ihsan akashika mambo, akapata mnunuzi wa shamba zima. Wakazi walipoletewa notisi ya kuhama walikutana uani kwa Josephine, mkaanga viazi, ambaye walimchagua mwenyekiti kwa sababu sauti yake ilifika mbali. Wakili wao akawaeleza: aliyekaa kwenye ardhi ya mtu zaidi ya miaka kumi na miwili, waziwazi, bila ruhusa ya mwenyewe na bila kufukuzwa, anaweza kuiomba mahakama ampe ardhi hiyo.

"Sisi tuna kumi na minne!" Josephine akapiga vigelegele. "Tunayo na chenji juu!"

"Kwa hiyo sheria inataka mtu aingie kama mwizi mchana kweupe?" akauliza Charo, jirani wa upande wa pili. "Ah, hiyo tulifanya vizuri sana!"

Uani pakavuma kicheko. Tinga hakucheka. Alijisemea kwamba Aidarus ni mtu mzima, na karatasi ya zamani hivyo bila shaka ilikwisha kutupwa. Hakuwatajia barua.

Haikutupwa. Wakazi walipofungua kesi, Ihsan aliikuta kwenye droo, na wakili wake akaiwasilisha mahakamani. Jioni hiyo Josephine alikuja kwa Tinga na nakala mkononi, Charo nyuma yake.

"Kwa hisani yako," akasoma, akitafuna kila neno. "Jirani zangu wote. Baba, nani alikutuma?"

"Nilikuwa naomba ua tu, mama."

"Ua! Watu wa nyumba kumi na nane wameweka maisha yao hapa, we' umekwenda kutuombea ua!"

"Yamepita hayo," Charo akasema. "Mzee, wewe utasema barua si yako. Basi. Neno moja tu."

"Nitaapa, Charo. Nitashika Biblia."

"Shika. Wanangu watano watalala wapi?"

Tinga akakubali.

Siku ya kesi, ukumbini nje ya mahakama, alimkuta Aidarus ameketi na mkongojo wake, mjukuu wake Shaza kando. Mzee alimtambua kabla ya wote.

"Mzee Tinga! U hali gani? Ua ulisimama?"

"Ulisimama, mzee wangu."

"Alhamdulillahi."

Tinga akaitwa kizimbani na moto wa maneno hayo ungali masikioni. Wakili wa Ihsan, mwanamke mpole wa sauti, alimpa barua. Ni yako? Si yangu. Na saini? Siijui. Wakili akaweka pembeni yake karatasi ya kiapo ambayo Tinga mwenyewe aliitia saini kwa ajili ya kesi ile ile. Mikia miwili mirefu, inarudi nyuma, inapiga mstari. Kuna mtu alicheka nyuma.

"Sawa, baba. Ua lakini upo. Nani alikuruhusu kuujenga?"

Kwenye benchi la mbele Aidarus alikuwa ametega kiganja sikioni apate kusikia.

"Hakuna," Tinga akasema.

Mzee akateremsha mkono, akatazama mkongojo wake.

Hukumu ilikuja baada ya miezi mitano. Wakazi walikuwa pale kwa ruhusa, na kwa hiyo hawakuwa na haki ya kuidai ardhi. Walipewa siku tisini. Ukurasa mzima ulimhusu Tinga, ukisema ni shahidi asiyeaminika. Aliusoma mwenyewe, neno kwa neno, kwa kuwa hapakuwa na aliyetaka kumsomea. Josephine alipitisha viazi nyumba zote isipokuwa ya Tinga. Charo akaanza kung'oa mabati mapema, na Tinga alipokwenda kumshikia ngazi aliambiwa, kwa heshima zote, arudi kwake. Tinga alipouliza kuhusu kaburi, mnunuzi alijibu kwamba mambo ya kufukua ni ya familia na ofisi za serikali. Ndugu za Kanze wakakataa: mfu hahamishwi kama kabati.

Zilipobaki siku kumi na moja, wakaja wapima ardhi. Mkubwa wao, Brian, mtu wa bara, alikuwa na haraka, na mwenzake mmoja hakufika kazini. Akatazama huku na huku, akamwona mzee amesimama mlangoni.

"Mzee, shikamoo. Tusaidie kidogo, shika hapa."

Tinga akashika ncha ya tepu. Ilikuwa imekwisha kuwa mkononi mwake kabla hajawaza. Brian akarudi nyuma akiifungua, akapita jikoni, akaukanyaga waya wa ua ukalala, akavuka kaburi, akaendelea mpaka kwenye mikorosho.

"Tazameni!" Josephine akapaza sauti kutoka uani kwake. "Hata kamba ya kutunyongea anaishika yeye!"

Hakuna aliyecheka.

"Imelegea, mzee," Brian akaita kutoka mbali. "Vuta!"

Tinga akavuta.