Msomaji Pekee wa Chara

Watu wa Chara wakikuambia kwamba mwanangu Awadh alikwenda Lamu kwa sababu mimi mama yake nilimsukuma, waamini. Nilimsukuma. Mwaka ule, wa nne tangu Wazungu waipige Witu, mji wetu ulikuwa na msomaji mmoja tu, naye ni huyo mtoto wangu wa miaka kumi na saba, mwenye ndevu tatu alizokuwa akizishikashika kutwa kucha, utadhani zitatoroka.

Mwalimu wetu Abubakar alikufa kwa homa mwanzo wa masika. Wanaume wengine wa hapa wana sura zao fupi za kusalia, basi. Ukiwapa kitabu wanakishika kichwa chini miguu juu na bado wanatikisa kichwa. Awadh ndiye aliyemsomea Mwalimu talkini. Aliketi upande wa kichwa, kaburi likiwa bado bichi, akamfundisha maiti maneno ya kuwajibu malaika wakija kumuuliza Mola wake ni nani na mtume wake ni nani. Wanaume walirudi kutoka makaburini wanafuta macho kwa ile sauti yake. Baada ya Mwalimu akazikwa mzee Diba, wakafuata wanawake wawili wa ng'ambo, na wote aliwasomea yeye.

Hapo wazee wakakaa barazani, wakaamua kijana aende Lamu kwa ami yake Kassim. Asome miaka mitatu, arudi awe mwalimu wetu: afungishe ndoa, agawe mirathi, afundishe watoto. Mimi nilikuwa nyuma ya ua, nikaitikia "Naam!" kwa sauti kubwa kabla hawajamaliza, wala hakuna aliyekuwa ameniuliza.

Na wakati huo nilikuwa na uvimbe katika titi la kushoto, mwezi wake wa saba tangu uanze.

Haya, sasa mmejua. Awadh hakujua. Mama yangu Gumato alikufa kwa maradhi haya haya na mimi ndiye niliyemuuguza, kwa hiyo naijua njia yake kituo kwa kituo. Huanza kidonge kigumu kisichouma. Ngozi huvutika ndani. Kisha hushuka kwapani, kisha mkono huvimba, kisha hupasuka na kunuka, na watu huanza kukaa mbali na mlango. Mimi nilikuwa nimeshafika kwapani. Mama alipofika hapo hakuziona masika mbili. Miaka mitatu! Nani wa kuingoja?

Kufa peke yake hakunitishi sana, nasema kweli. Kinachonitisha ni kufukiwa kimya, wale wanaume wapige udongo makoleo yao, wapanguse mikono, waende zao kula, na mimi chini pale nibaki na malaika wawili bila mtu wa kunikumbusha neno. Tena talkini humwita maiti kwa jina la mama yake. Duniani wewe ni wa baba yako. Kaburini unaitwa mwana wa mama. Nilitaka kuitwa hivyo, Esha binti Gumato, kwa sauti ya mwanangu mwenyewe. Hilo tu nililitaka katika dunia hii, na hilo ndilo nililokuwa nikilifukuza kwa mikono yangu miwili.

Aliyejua ni Mwanaarusi, jirani yangu, kwa sababu tunaoga pamoja na yeye ana macho ya mwewe. Siku tunatwanga pepeta ya safari, ule mpunga mchanga wa kukaangwa na kupondwa, aliuacha mchi ndani ya kinu akasimama mikono kiunoni.

"Shoga, mwambie mtoto."

"Nimwambie nini? Twanga."

"Mwambie ukweli. Akienda atarudi akute kaburi lenye majani. Atakulaumu mpaka Kiyama."

"Na nikimwambia atabaki," nikasema. "Atabaki anikalie mlangoni akinitazama ninavyooza, kisha anizike vizuri, kisha? Atakuwa na kitabu kimoja alichoachiwa na Mwalimu na shamba lisilo na maji. Ami yake hatamngoja miaka. Ataozea hapa kama mimi, tofauti yake yeye ataoza akiwa hai. Twanga, Mwanaarusi, pepeta inapoa!"

Akatwanga, lakini alikuwa analia na makamasi yakimtoka, nikamwambia akiyadondoshea chakula cha mwanangu nitampiga kwa mchi huo huo. Tukacheka. Siku hizo tulikuwa bado tunacheka.

Awadh naye, jamani! Ungemwona ungemzaba kofi kisha ukambusu. Kanzu yake moja ya bafuta aliifua mara tatu katika juma moja, nikamwambia ataifikisha Lamu imekuwa wavu wa samaki. Aliuliza kama watu wa huko watamcheka kwa usemi wetu wa mtoni. Aliuliza kama kweli kuna nyumba juu ya nyumba na mtu akilala hasikii vishindo vya wa juu. Asubuhi nikienda mtoni kuteka maji ananifuata na fimbo ya kufukuzia mamba, huku akisoma kwa moyo, na mimi nikimsikiliza nilikuwa nasahau kuujaza mtungi. Mchana nikishona mkoba wake wa ukili, naficha mkono wa kushoto chini ya leso kwa sababu vidole vilikuwa vimeanza kufa ganzi. Nikampangia ng'onda wa kambare, wale wa kukaushwa, pepeta pishi mbili, na kofia ya marehemu baba yake niliyoifua kwa majivu. Kila kitu nilichokifunga nilisema moyoni, hiki kitarudi, mimi sitakiona.

Siku moja kabla ya safari tulikuwa juu ya dungu, lile jukwaa la fito shambani, mimi na yeye, tunaamia ndege. Mpunga ulikuwa unaanza kukomaa, na msimu huo ndege walikuja wengi kuliko mashuke, maana mpunga wenyewe ulikuwa haba. Mto umetupa kisogo tangu maji yajifungulie njia ya ule mfereji wa Belezoni. Yanakwenda mto wa Ozi, sisi yanatuachia matope. Awadh alikuwa akivurumisha vidongo kwa kombeo, mimi navuta kamba yenye vifuu.

"Mama, mbona mkono huo huutumii?"

"Nimeulalia vibaya. Tazama ndege, usinitazame mimi."

Akatazama ndege. Nikakaa, kisha nikalitoa lile nililokuwa nimelipanga siku nyingi.

"Hebu nisomee talkini."

"Hee! Hapa? Mama, talkini husomewa maiti."

"Na Lamu wakikutahini? Utawaambia wakuletee maiti kwanza? Soma nikusikie, usije ukatutia aibu."

Alicheka, akaweka kombeo chini, akaiweka kofia sawa. Akafumba macho. Alipoanza, wallahi, ile sauti si ya mtoto anayeuliza habari za nyumba juu ya nyumba. Ilikuwa sauti ya mtu mzima aliyekuja kukaa karibu yako ili usiogope. Nilijinyoosha kidogo juu ya zile fito, nikafunga macho na mimi. Nilijiambia, sikiliza Esha, ndiyo hii, utaipata leo, hutaipata tena.

Akasita.

"Hapa pana jina."

"Basi tia jina."

"La nani?"

 Ningesema, tia la mama yako. Lakini angeuliza kwa nini, na mimi uongo wangu wote nilikuwa nimeshautumia kwenye mkono. "La yeyote," nikasema. "Lililo karibu nawe." Nilikuwa hatua moja kutoka kwake. Nani aliye karibu kuliko mimi? Nikangoja kulisikia jina la Gumato, mama yangu, nyuma ya langu.

Mwanangu akafikiri. Kisha akavuta pumzi akaita, wazi kabisa, "Ewe Awadh, mwana wa Esha."

Talkini hurudiwa mara tatu. Mara tatu nililala pale nikasikia jina langu, kama nilivyotaka, likitajwa kaburini, na maiti ni mwanangu. Nilitaka kumnyamazisha, lakini yeye akaendelea mpaka mwisho, kwa uzuri, bila kukosea hata mahali pamoja. Alipofumbua macho nilimpiga kofi lililomwangusha kofia mpaka chini kwenye matope. Ndege walikuwa wameujaa mpunga wote na hakuna aliyewafukuza.

"Mama! Nimefanya nini?"

"Umejisomea mwenyewe! Mjinga wewe! Umejizika!"

"Ulisema jina lolote," akasema, ameshika shavu. "Nikimtia mtu mwingine ni kumchulia kifo. Ningemtia nani? Wewe? Nikaona bora nijitie mimi. Mimi si kitu, mama, nafanya mazoezi tu."

Yeye si kitu! Nilimshika kichwa kwa mkono wangu mmoja mzima nikalia hadharani, juu ya dungu, kila mwenye shamba akiona. Yeye alidhani nalia kwa sababu ya uchuro. Alikuwa ananibembeleza, ananiambia Mungu anajua nia. Hapo mlango ulikuwa wazi, mkitaka kujua. Hapo ningefunua kifua nikamwambia, tazama, wa kusomewa ni mimi. Angetupa mkoba mtoni siku ile ile. Angebaki. Nilijua hivyo, na nilitaka hivyo, Mungu anisamehe, nilitaka sana.

"Shuka uokote kofia ya baba yako," nikamwambia. "Na fukuza hao ndege."

Asubuhi yake Tuneya, mwenye mtumbwi, akaja kumchukua hadi Kau, apande jahazi huko. Wazee wakaomba dua, wakamkabidhi mbuzi wa kumpelekea ami yake, mbuzi akamwaga kinyesi ndani ya mtumbwi na Tuneya akalaani mji mzima. Awadh alinibusu mkono, akanivuta pembeni.

"Mama, jana nilikuudhi. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Nenda."

"Nikirudi nitakuwa najua yote. Na siku yako ikifika, baada ya umri mrefu, inshallah, sitamwachia mtu. Nitakusomea mimi. Ningoje tu."

"Nitakungoja."

"Niahidi."

Nilimtazama machoni, mtoto mwenye ndevu tatu. "Nimekuahidi," nikasema. "Panda, Tuneya hana subira." Mwanaarusi alikuwa amegeuka, ametia leso mdomoni. Mtumbwi ulipita kona, na mimi nikaenda shambani, kwa sababu ndege hawajui kama mtu ana msiba.

Sasa ni mwezi wa tisa tangu aondoke. Mkono umevimba, siwezi kushika mchi. Mwanaarusi hunitwangia, hunifunga kidonda kwa majani ya mkunazi, na hasemi tena "mwambie." Mwezi wa Shaabani Tuneya alileta barua kutoka Lamu, imekunjwa vizuri, imetiwa nta. Mji mzima ulikuja kuitazama. Ikapita mkono kwa mkono, mzee huyu akaigeuza, mzee yule akaigeuza tena, mpaka mmoja akasema kwa sauti ndogo kwamba mwenye kuisoma ndiye aliyekwenda. Mtoto mwenye akili zote zile, hakukumbuka kuwa msomaji wa Chara ni yeye! Au hakuandika yeye. Pengine ameandika ami yake. Barua ya ami ingekuwa na habari gani, kama mtoto ni mzima? Sijui mwandiko wa mwanangu na wa mtu mwingine una tofauti gani, kwangu yote ni nyayo za kuku. Tuneya alisema safari ijayo ataichukua Kipini isomwe, lakini tangu siku hiyo maji ya upande wetu yamekauka zaidi, mtumbwi haufiki. Iko chini ya mto ninaolalia. Naitoa, naitazama, nairudisha.

Wanaume wameniletea ujumbe kupitia kwa Mwanaarusi kwamba wakati ukifika watanisomea Fatiha kwa pamoja, watasoma kwa nguvu. Nimewashukuru. Walivyo wazuri, watasoma Fatiha kwa nguvu na kwa makosa.

Basi nikasema, nitajifundisha mwenyewe. Sikio langu si bovu. Siku ile kule dunguni niliyasikia maneno mara tatu, na mengi yamenikaa. Nikiwa peke yangu huyafuata polepole, neno kwa neno, na yanakuja, yanakuja kwa sauti yake yeye, mpaka napafika pale penye jina. Hapo najaribu kusema Esha binti Gumato. Midomo inakataa. Kinachokuja ni kile alichosema yeye, jina lake na langu nyuma yake, na barua ile iko chini ya kichwa changu haijafunguliwa.

Nimeacha kujaribu. Malaika wakija na waniulize, nitanyamaza. Heri niwe bubu mbele yao kuliko kulitaja jina la mwanangu mahali pale.