Upande wa Bafuni

Mama Pasi, mfua nguo wa ua ule, hasahau. Hajasahau mwalimu aliyemtimua darasani kwa kuuliza sana, wala mtihani wa hesabu uliomwangusha ukubwani mara mbili, zote kwa swali lile lile: kikoa, yaani namba zipi fomula inazikubali, pale x inapofungiwa kati ya vijiti viwili vilivyosimama. Wa tatu ulikuwa keshokutwa. Akianguka tena, darasa la sheria atalisikia redioni, na sheria ndiyo aliyoitaka ili amtie adabu mwenye nyumba.

Maana tangu Mama Pasi awachochee wapangaji wagomee kufungiwa bomba mchana, bwana huyo alimfunga mbwa katikati ya ua, chini ya kamba ya kuanikia itokayo getini hadi bafuni, eti mnyama apate hewa. Mnyororo hatua nne. Tangu hapo shuka za wateja zikabanana upande wa geti. Upande wa bafuni ukabaki mtupu, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumpita mbwa.

Binti wa kaka yake, mwanachuo, alikuja kumfundisha. Akampa swali: kipeuo cha pili cha |x| toa nne, vyote ndani ya kipeuo, na ndani ya kipeuo hasi haikai. Mama Pasi akajibu chapuchapu: kuanzia nne kwenda mbele, basi, hasi zimeshaliwa na vijiti. Binti hakubisha. Akautazama ua.

“Shangazi, alipofungwa mbwa ndipo sifuri. Getini chanya, bafuni hasi. Je, anajua kushoto na kulia?”

“Huyo? Anajua mnyororo tu. Kama bosi wake.”

“Na vijiti ndivyo hivyo. Vinauliza umbali, haviulizi upande.”

Mama Pasi akajitwika beseni la shuka. Akapitia mlango wa jikoni, akatokea bafuni, akaanika shuka pale hatua ya nne inapoishia. Mbwa akaruka. Pua ikagusa pindo, meno hayakufika.

“Kumbe hata hasi nne yenyewe imo.”

“Imo. Mpakani inabaki sifuri, na kipeuo cha sifuri hakimdhuru mtu. Ila ukigawanya kwa kipeuo hicho, mpaka una meno. Usiukanyage.”

Siku ya mtihani swali likaja na vazi jipya: moja gawanya kwa kipeuo cha |x| toa saba. Mama Pasi akaunguruma kidogo, msimamizi akamkodolea macho. Akaandika: chini ya hasi saba, au juu ya saba, mipaka yenyewe haimo.

Alifaulu. Wiki hiyo hiyo mwenye nyumba akaurefusha mnyororo hadi hatua tano. Mama Pasi akasogeza shuka, pande zote mbili, akafuta mikono, akaenda kujiandikisha darasa la sheria.