Waliobaki Mlimani

Usingizi unanichukua pale treni inapoingia handakini. Kabla ya hapo nimekaa dirishani, jua la asubuhi limetulia juu ya miti, na mume wangu Ambakisye, ambaye tangu tupate mtoto wetu wa kwanza namwita Baba Lusajo, amekaa mbele yangu akimenya karanga. Tunakwenda likizo ya milimani, likizo yetu ya kwanza tangu tuoane, maana kila mwaka tulisema mwaka huu, na kila mwaka likazuka jambo, mara mtoto, mara msiba, mara nyumba haijaezekwa, hadi watoto wakakua wakaondoka, tukabaki wawili tunatazamana, naye akasema Mama Lusajo, twende tukapande treni ya mlimani tukaone wanyama kabla magoti hayajagoma. Basi tumekuja. Bondeni tumeona tembo wakijipaka matope, na twiga wamesimama karibu na reli bila wasiwasi, na sasa treni inapanda, inauzunguka mlima taratibu, na juu ya miti mbega weusi wenye mashungi meupe mabegani wanaruka kutoka tawi hadi tawi. Baba Lusajo ananyoosha kidole. Mtazame yule, anasema, anatuangalia kama anatufahamu. Namtazama, na ni kweli, mbega ameacha kuruka, amekaa ameshika tawi, ananikazia macho. Halafu giza la handaki linatufunika, magurudumu yanaimba kwa sauti nyororo, kope zinakuwa nzito, najiambia nafumba macho kidogo tu mpaka tutoke.

Tunatoka, na kiti kilicho mbele yangu ni kitupu. Maganda ya karanga yapo, mwenyewe hayupo. Namwita, kwanza kwa sauti ya kawaida, kisha kwa sauti inayonitia aibu. Nanyanyuka kumtafuta, napita behewa hadi behewa, na abiria wote wamegeukia madirishani, naona visogo tu. Samahanini jamani, nasema, mmemwona mzee mmoja mrefu, amevaa koti la kijivu? Hakuna anayegeuka. Behewa linazaa behewa, nikidhani nimefika mwisho nakuta mlango mwingine, nikiufungua nakuta visogo vilevile, na nje reli inapinda sana mpaka naiona treni yetu yenyewe ikipita upande wa pili wa bonde, na ndani yake, dirisha baada ya dirisha, yuko mwanamke mwenye kitenge kama changu, anatembea upesi, anaita, simsikii anaita nani. Kwenye mlango unaofuata amesimama mkaguzi wa tiketi, kofia yake imenyooka, vifungo vyake vinang'aa, na chini ya kofia hakuna uso. Hakuna macho wala pua wala mdomo, ni ngozi tupu kama kiganja cha mkono. Kaka, nasema, maana sijui nimwiteje, mume wangu yuko wapi? Sauti inamtoka, sijui inatokea wapi. Yuko palepale ulipomwacha, mama, ila mahali penyewe pamehama. Namuuliza, pamehamia wapi? Ananijibu, wote wanaotafuta hushuka hapa. Na treni inasimama.

Nashuka kwenye stesheni iliyojaa ukungu, maandishi ya jina lake yamegeuka, yanasomeka kinyumenyume, na chini ya stesheni kuna mji, na chini ya mji kuna ziwa, na ndani ya ziwa kuna mji uleule umepinduliwa, nyumba kwa nyumba, mti kwa mti. Mkaguzi ananitangulia. Treni itatusubiri? namuuliza. Treni haisubiri, anasema, huchelewa tu. Tunatembea kando ya maji, barabara inatuzungusha na kuturudisha, tunapita mlango uleule wa bluu mara ya pili na ya tatu, na hapo ndipo ninapogundua kinachonitia baridi, kwamba watu wa ndani ya maji ndio wanaoanza. Mwanamke wa majini anainua ndoo, halafu wa juu anainua ndoo. Mlango wa majini unafunguka, halafu wa juu unafunguka. Natazama kivuli changu ziwani na kinafanya kitu ambacho mimi sijafanya. Kinachuchumaa nyuma ya ukuta, kimeziba mdomo kwa mikono yote miwili. Na nyuma yake, ndani ya maji, chui anapita barabarani polepole, mabega yanapanda na kushuka. Juu, huku niliko, barabara ni tupu. Sisubiri kuambiwa. Nachuchumaa nyuma ya ukuta, naziba mdomo, na punde naisikia pumzi yake, nasikia kucha zikigusa mawe, harufu yake inanijia kama nyama na majani mabichi, anasimama upande wa pili wa ukuta, anasimama muda ambao siwezi kuupima, kisha anaondoka. Nikitazama tena majini, nakiona kivuli changu kiko stesheni, kimeshikana mkono na mwanamume, na ukungu umeuziba uso wa mwanamume huyo.

Nitampata basi, namwambia mkaguzi tukirudi stesheni, na machozi yananitoka. Utampata mmoja, anasema. Kiti cha mbele yako kina nafasi ya mmoja. Namuuliza maneno hayo yana maana gani, naye ananyoosha mkono kwenye paa la stesheni, ambako mbega wamejipanga kimya, mashungi meupe yananing'inia, wote wananitazama. Hao ni waliobaki, anasema. Treni ikiondoka, mlima huwahurumia, huwavisha manyoya wasife kwa baridi. Nakumbuka wale wote tuliowaona tukiwa tunapanda, tukawacheka, tukawapiga picha.

Na ukungu unapofunguka nawaona. Wamesimama uwanjani kando ya reli, wengi, na wote ni Baba Lusajo. Wote wana koti la kijivu, wote wana upara uleule unaoanzia mbele, wote wanasimama wameegemea mguu mmoja kwa sababu ya goti. Mama Lusajo, wanasema kwa pamoja, umechelewa. Napiga kelele. Kisha najikaza, mimi ni mtu mzima, najiambia nimelala na mtu huyu ujana wangu wote, nitamjua. Nawauliza, siku Lusajo alipozaliwa mvua ilinyesha au haikunyesha? Wanajibu wote, ilinyesha, nilikuja hospitali nimelowa, ukanicheka. Nawauliza, mama yako aliniambia nini siku ya kwanza? Wanajibu wote, na wote wanainamisha kichwa kwa aibu, maana mama yake hakunipokea vizuri. Kila nikiuliza wanajua. Wanajua hata mambo ambayo sikuwahi kumwambia. Natembea katikati yao, nagusa mashavu, nanusa makoti, yote yananukia yeye. Mkaguzi anatazama, kama mtu asiye na macho anaweza kutazama. Nisaidie, namwambia. Anasema, walio wengi wanakuita, wako anakuogopea. Simwelewi, nataka kumwambia kaka acha mafumbo, lakini honi inalia, treni inaanza kujivuta, mbega wote juu ya paa wanalia kwa mpigo, na ardhi chini yangu inalainika kama tope, nateleza, naiendea reli, nayaona magurudumu karibu kabisa na uso wangu.

Wote wanasimama tu wananitazama. Wote, isipokuwa wawili. Wawili wanaruka, wawili wananyoosha mikono, wawili wana hofu ileile machoni, ile niliyoiona siku nilipougua malaria akanibeba mgongoni hadi barabarani. Hakuna nafasi ya kufikiri. Naukamata mkono ulio karibu. Una joto, una nguvu, unanivuta hadi ngazini, tunapanda, na yule mwingine anabaki chini anakimbia kando ya behewa kwa goti lake bovu, hasemi tena Mama Lusajo, anasema Tupokigwe, Tupokigwe, jina langu la usichana ambalo hajaniita tangu tuchumbiane, Tupo wangu, ni mimi. Namgeukia niliyemshika. Ametazama mbele, amekaza mkono wangu. Naangalia nyuma, anayekimbia ameanza kuinama, mikono yake inagusa ardhi, mabegani mwake panaota weupe. Nataka kuruka. Handaki linatumeza.

Amka, Mama Lusajo, unaota. Jua linanipiga usoni. Behewa limejaa watu wenye nyuso, mtoto analilia biskuti, mtu anacheka kwenye simu. Baba Lusajo ameinama juu yangu, mkono wake umeukamata wangu. Namshika mashavu, namtazama upara, masikio, kovu la kidevu, nalia, namwambia pole, pole, sijui hata pole ya nini. Namsimulia yote, kwa kunong'ona ili watu wasisikie. Natarajia atacheka. Hacheki. Hata mimi nilisinzia, anasema. Nilizinduka mle handakini nikakuta hupo. Nikashushwa stesheni yenye ukungu, nikawakuta wanawake wengi sana, wote wewe. Honi ikalia, nikateleza, wawili wakaninyooshea mkono. Namuuliza, ukamshika yupi? Ananitazama, anatazama vidole vyangu kimoja kimoja, kitenge changu, macho yangu. Aliyekuwa karibu, anasema. Nimekaa hapa nakutazama tangu tutoke handakini, na sijui. Treni inaendelea kupanda. Hatuachiani mikono, lakini hakuna kati yetu anayeikaza. Nataka kumwambia ni mimi, mkeo, nani mwingine. Nafungua mdomo, na hapo najaribu kukumbuka asubuhi hii tulipanda treni kwenye stesheni gani, na kila nikirudi nyuma nafika handakini tu, tembo na twiga nawajua kwa maneno, siwaoni, na kabla ya handaki hakuna kitu.