Mama Aliyekuja Kugeuzwa

Mama mmoja aliingia kwenye chumba cha mazoezi Jumanne, saa tatu na robo asubuhi, wanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa tatu wakiwa wanatandika vitanda. Alivaa gauni la wagonjwa lililofungwa kamba mgongoni, na mkononi alishika bahasha ya kaki. Alipiga hodi ingawa mlango ulikuwa wazi.

"Karibu, mama," mkufunzi alisema. "Unamtafuta nani?"

"Simtafuti mtu. Nimekuja kugeuzwa."

Mkufunzi alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani inayoning'inia kifuani, aliyefanya kazi wodini miaka kumi na tisa kabla ya kuhamia chuoni. Aliifungua bahasha. Ndani mlikuwa na chati ya kugeuza, ile karatasi yenye visanduku ambavyo muuguzi hutia sahihi kila baada ya saa mbili, anapombadilisha ubavu mgonjwa asiyeweza kujigeuza mwenyewe. Visanduku vyote vilikuwa vimejazwa. Kwa mujibu wa chati, siku yake ya mwisho mama huyo aligeuzwa saa mbili, saa nne, saa sita, saa nane na saa kumi. Kwenye kona ya juu, kwa wino mwekundu, mtu mwingine alikuwa ameandika kwamba alifariki saa tano asubuhi.

"Umeipata wapi hii?"

"Masjala. Karani alisema marehemu ana haki ya kuliona faili lake, ila lazima aje mwenyewe."

Mama akaeleza shida yake bila haraka. Katika siku alizolala wodini, mara thelathini na moja iliandikwa kwamba amegeuzwa na hakugeuzwa. Alikuwa amezihesabu, maana mtu aliyelalia ubavu mmoja hana kazi nyingine. Hakutaka kumshtaki yeyote. Alitaka karatasi ile iwe ya kweli, kisha aende akapumzike.

Mkufunzi alitazama ratiba ukutani. Siku za mazoezi zilikuwa Jumanne na Alhamisi. Kitanda cha tatu kilikuwa na sanamu la plastiki ambalo wanafunzi walilipa jina la Shemeji, kwa sababu lilikuwa linalala tu na halichangii chochote. Lilikuwa jepesi mno, na kila mwaka wanafunzi walifika wodini wakidhani binadamu ana uzito wa mto. Basi Shemeji akashushwa sakafuni. Mama akapanda kitandani, akajilaza, na saa nne kamili akageuzwa kwa mara ya kwanza.

Waliosoma pale mwaka ule wanakikumbuka bado chumba kile: harufu ya spiriti na shuka zilizopigwa pasi, feni yenye ubawa mmoja mfupi uliogonga kila ilipozunguka, jua la asubuhi likianzia kitanda cha kwanza na kufika cha sita wakati wa chakula. Walikuwa na miaka ishirini na kitu. Waliamini kwamba wakishika vitabu vyote kichwani hakuna mtu atakayekufa mikononi mwao kwa uzembe. Na kila Jumanne na Alhamisi, saa nne, saa sita na saa nane, walimgeuza yule mama, wawili wawili, mmoja begani na mmoja nyongani.

Walimwita Mama Chati, na yeye akalikubali jina. Mgongoni, chini kidogo ya kiuno, alikuwa na kidonda cha kulalia upande mmoja, kipana kama kiganja. Walikisafisha kwa zamu. Hakikupona, maana wafu hawaponi, lakini walijifunza kukitazama bila kugeuza uso.

"Mikono gani hii ya baridi?" alilalamika siku moja. "Hivi ndivyo mnavyowashika watu?"

"Mama, wewe ndiye wa baridi," alisema Kamusi, kijana aliyepewa jina hilo kwa kunukuu vitabu hata anapoomba chumvi. "Sisi tuna nyuzi thelathini na saba."

"Mimi nina sababu. Wewe sababu yako nini? Sugua viganja kwanza."

Tangu siku hiyo darasa zima lilisugua viganja kabla ya kumgusa mgonjwa, na wengi wao wanafanya hivyo hadi leo bila kukumbuka walifundishwa na nani.

Aliyemgeuza vizuri kuliko wote alikuwa msichana waliyemwita Taratibu. Alikuwa wa mwisho kumaliza kila zoezi, na shuka lake halikuwa na kunjo hata moja. Lakini wiki ya tatu aliichukua ile chati ili aweke alama ya penseli kwenye kisanduku walichokitimiza siku hiyo, akautazama mstari wa mwisho kwa muda mrefu. Sahihi tano za siku ile ya mwisho zilikuwa zake.

Wakati ule alikuwa mwaka wa kwanza, siku yake ya nne wodini. Sista aliyekuwa zamu alimpa rundo la chati saa moja asubuhi akamwambia azitie sahihi zote hadi jioni, kwa sababu wauguzi walikuwa wawili, wagonjwa thelathini na wanane, na baadaye nafasi ya kuandika haingepatikana. Kila mtu alifanya hivyo. Yeye alijivunia kwamba mwandiko wake ulisomeka.

Alingoja mpaka saa nane, walipobaki wawili kitandani pale.

"Mama, huu mwandiko ni wangu."

"Najua. Saa mbili ulikuja kweli. Ulinigeuza vizuri, ukaniuliza kama mto uko sawa." Mama alitazama dirishani. "Saa nne nikakusubiri."

"Nilitumwa maabara kupeleka damu."

"Nilikuona ukipita. Ulikuwa unakimbia, mwanangu. Nikasema, yule atarudi."

Taratibu alilia kidogo, akiendelea kuunyoosha ukingo wa shuka. Mama akamwacha alie, kisha akamwambia mto hauko sawa.

Mara ya thelathini na moja iliangukia Jumanne ya wiki ya sita, saa nne. Darasa lilimwachia Taratibu, na Kamusi akashika miguu. Walipomaliza, mama aliketi, akaikunja chati iliyojaa alama za penseli, akairudisha kwenye bahasha.

"Niahidi kitu kidogo," alimwambia Taratibu. "Usiandike ambacho hujafanya. Hata kisanduku kimoja."

"Nakuahidi, mama. Nitawageuza wote, kila saa mbili..."

"Hapana, hiyo usiahidi. Utachoka, na watu watakuwa wengi. Niahidi hiyo ya kisanduku tu."

"Nakuahidi."

Mama akawaaga mmoja mmoja, akawatakia heri ya mitihani, akatoka. Walimsikia akimuuliza mlinzi njia ya kwenda getini. Shemeji akarudishwa kitandani.

Jumanne iliyofuata walikuwepo marehemu wengine saba kwenye korido, wameketi kwenye benchi na bahasha zao. Mzee mmoja alikuwa na chati ya mapigo ya moyo iliyojazwa siku mbili mbele. Chuo kikaongeza vitanda vinne na kuwaingiza kwenye ratiba. Hospitali ilipoarifiwa ilijibu kwa barua kwamba inafurahi kuchangia mafunzo kwa vitendo. Wodini chati ziliendelea kujazwa saa moja asubuhi.

Mtihani wa mwisho wa mwaka wa nne ulifanyika wodini, zamu nzima, na msimamizi alikuwa yule yule mkufunzi mwenye miwani. Taratibu alipewa wagonjwa sita. Kiapo cha wahitimu kilikuwa wiki mbili mbele; mama yake alikwishamshonea gauni jeupe na kuwatangazia ndugu wote tarehe, hata wale asiozungumza nao.

Saa sita kasoro dakika tano, mgonjwa mmoja alianza kutapika damu. Taratibu alikaa naye hadi daktari alipofika. Alipofika kitanda cha kumi na mbili, kwa mzee aliyepooza upande mmoja, ilikuwa saa saba na dakika ishirini. Alisugua viganja, akamgeuza, akamuuliza kama mto uko sawa. Kisha akaandika saa saba na dakika ishirini pembeni. Kisanduku cha saa sita alikiacha wazi.

Mkufunzi alipitia chati mwisho wa zamu. Akavaa miwani.

"Hapa umesahau."

"Sijasahau, mwalimu. Saa sita hakugeuzwa."

"Nilikuwepo, nimeona ulivyomhudumia yule wa damu. Hakuna anayekulaumu." Akashusha sauti. "Lakini kisanduku wazi ni alama sifuri katika kumbukumbu za mgonjwa, na sifuri hapo ni kurudia wodi, wiki kumi na mbili. Sikuzitunga mimi hizo kanuni. Naenda kunywa chai. Nikirudi nitaichukua chati kama ilivyo."

"Mwalimu, unamkumbuka Mama Chati?"

"Namkumbuka sana. Nilimpenda. Jaza, mwanangu."

Mkufunzi alikunywa chai yake polepole, akaongeza kikombe cha pili. Aliporudi, kisanduku kilikuwa wazi. Akaandika sifuri, akatia sahihi.

Jioni Taratibu alimpigia mama yake simu.

"Sitakuwepo kwenye kiapo, mama. Nimerudishwa wodini."

"Umefanya nini?"

"Kuna kitu sikukifanya, nikaandika kwamba sikukifanya."

Kwa mbali cherehani ilisimama.

"Kwa hiyo kosa lako ni lipi?"

"Ndilo hilo."

"Haya," mama yake alisema mwishowe. "Gauni halina miguu, litasubiri. Shangazi zako nitawaambia umeumwa."

"Usiwaambie nimeumwa, mama."

"Mtoto huyu! Basi nitawaambia kama ulivyoniambia, na hawataelewa."

Siku ya kiapo ilikuwa Ijumaa, nayo ilikuwa na jua. Ukumbi wa chuo ulipakana na hospitali, na madirisha yalikuwa wazi, kwa hiyo wodini walisikia majina yakisomwa, vigelegele, na sauti ya Kamusi ikiwapita wenzake wote kwenye wimbo. Sista wa zamu alikuwa amejaza chati za wodi nzima hadi jioni, isipokuwa za vitanda sita ambavyo Taratibu alimwomba amwachie. Wauguzi walikuwa wawili, wagonjwa arobaini na mmoja.

Wenzake walipoanza kusoma kiapo kwa pamoja, Taratibu alikuwa anamlaza mwanamke mmoja ubavu wa kushoto na kumwekea mto mgongoni. Alichukua kalamu. Mwanamke yule alipaswa kugeuzwa saa nane. Taratibu alitazama saa ya ukutani, akaandika saa nane na dakika kumi na moja.