Radi Mbele ya Kikao

Jumamosi saa mbili asubuhi, wakazi wa kilima kimoja pembeni mwa Butembo walikuwa wakizibua mitaro ya barabara. Ilikuwa siku ya salongo, kazi ya lazima ya mtaa, na asiyefika huandikwa jina. Ngurumo ikasikika. Orpa, mjane mwenye shamba la viazi hapo jirani, akaweka jembe chini.

"Tuingie mu kanisa, batu. Ile kitu iko karibu."

"Mama, uko sukari? Utayeyuka?" akauliza Mbusa, na watu wakacheka kwa uchovu.

"Salongo inaisha saa ine," akasema Kitsa, shefu wa mtaa. "Hapana kuingia."

Ngurumo ikarudi mara ya pili, kisha ya tatu. Orpa akaenda kanisani peke yake. Radi ikampiga Mbusa akiwa ameinua jembe.

Jumatatu, baada ya maziko, kikao kilikaa ofisini kwa shefu kutafuta aliyeituma radi. Hakikuchukua muda. Orpa alijua kabla. Tena Orpa anaishi peke yake.

"Nilisikia tu, sawa ninyi wote," akasema Orpa.

Hapo Radi akaingia, akapangusa miguu mlangoni, akakaa kwenye benchi. Chumba kikanuka chuma kilichoungua. Anne-Marie, katibu, akachomoa simu yake kwenye chaji.

"Hapana mutu alinituma," Radi akasema, kwa sauti ya mtu asiyelala vizuri. "Nilibisha mara tatu. Huyu mama alisikia. Ninyi mulibaki pa wazi, majembe juu. Kila mwaka ni vile vile."

Anne-Marie aliandika yote, akamsogezea karatasi atie saini. Saini ikatoboa karatasi, ikaacha alama nyeusi mezani. Radi akaomba radhi kwa meza, akatoka.

Shefu akainua karatasi, akamtazama Orpa kupitia lile tundu.

"Kule bureau ya serikali habapokei rapport yenye tundu," akasema.

Orpa akapewa hadi Jumamosi kuhama.

Siku hiyo ilipofika akajitwika godoro, akashika njia ya Beni, kwa binti yake anayeishi huko, mtaa wa Bungulu. Aliwapita majirani wakiwa mitaroni, kwenye salongo. Mjane wa Mbusa alikuwa na jembe la marehemu, limetiwa mpini mpya. Hakuna aliyeinua uso.

Ngurumo ikabisha mara moja. Orpa akageukia nyumba ya kwanza, akaomba kuingia, akafunguliwa. Akakaa mbali na dirisha, godoro magotini. Nje, majembe yaliendelea kupanda na kushuka, maana saa nne ilikuwa bado.